Mkate Mrefu wa Fundi Silvesta

Siku mliyoniaga hapo bekari mlinipa kitenge, soda na saa ya ukutani. Kitenge nimekishonesha. Saa bado iko kwenye boksi lake, maana mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwa zaidi ya miaka thelathini hahitaji kuambiwa ni saa ngapi. Anahitaji kuambiwa alale. Neema ndiye aliyenisindikiza hadi mlangoni, akasema, "Mama, wateja wanatuuliza huu mkate mrefu ulianzaje hapa Mabatini, na sisi hatuna cha kuwajibu. Tuandikie."

Nimekaa niandike. Habari za vyeo msizitafute humu, kwa sababu pale tanurini tulikuwa na cheo kimoja tu, nacho ni kutokwa jasho. Mishahara nayo mnaijua. Nitaandika habari za unga na za mtu aliyenifundisha kuushika. Lipo pia jambo moja ambalo sijawahi kulitamka mbele ya yeyote kati yenu. Nitaliandika, ingawa nikifika hapo huenda mwandiko ukabadilika.

Nilitoka Kisesa nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuja kuuza, si kuoka. Bekari ilikuwa ya Bwana Twahir, ambaye baba yake aliwalisha watu wa Mwanza skonzi na mkate wa slesi tangu kabla sijazaliwa. Mbele palikuwa na kaunta, nyuma matanuri mawili ya matofali. Lile kubwa lilikuwa la slesi. Dogo, lililopasuka pembeni na kuzibwa kwa udongo, Bwana Twahir alikuwa amempa Mrundi mmoja aliyekuja kuomba kazi, amjaribu.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta huyo Mrundi ameinama juu ya meza, kichwa cheupe, nikampigia magoti kama tulivyolelewa kwetu. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu bila kuinua uso. "Lakini ni unga huo, binti. Si mvi."

Alikuwa na miaka thelathini na saba. Ndivyo nilivyoanza kumjua Fundi Silvesta, kwa kumzeesha.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo. Alikuwa mwokaji Bujumbura tangu ujana, kwenye bekari iliyooka mikate ya Kifaransa, ile mirefu, myembamba, ganda gumu na ndani laini yenye matundu. Vita vilipoanza alikimbia na mkewe, Goreti. Njiani risasi zililia, watu wakatawanyika porini, na kulipokucha Goreti hakuwepo. Walikuwa hawajapata mtoto. Silvesta alimtafuta kwenye kambi za Ngara na za Kigoma kwa karibu miaka miwili, kisha mtu akamwambia ameonekana mwanamke wa jina hilo Mwanza. Akaja. Alikuwa Goreti mwingine kabisa, mama wa watoto sita. Nauli ikawa imekwisha, naye akabaki.

Mwanzoni mkate wake haukununuliwa. Niliupanga kwenye kaunta kila asubuhi, watu wakaushangaa kama wanavyoshangaa nyoka aliyekufa. Mama mmoja aliuchukua, akaugonga kwenye kaunta, ko ko ko, akaniuliza, "Mwanangu, huu mkate mlefu ni wa kula au wa kuchungia ng'ombe?" Wote waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mimi nikacheka. Silvesta alisikia kutoka nyuma. Hakukasirika. Alitoka na mkate mmoja wa moto, akanishika mkono, akanivusha barabara hadi kwa mama lishe aliyekuwa akipika sangara. Akaomba bakuli la mchuzi.

"Chovya slesi kwanza," akaniambia.

Nikachovya. Slesi ikayeyuka, nusu ikabaki kwenye bakuli.

"Chovya huu sasa."

Ganda lilishika. Ndani ulinyonya mchuzi wote, na bado nilikuwa na kitu cha kutafuna. Mama lishe alinitazama ninavyokula, akamwambia Silvesta, "Kesho niletee kumi." Kesho kutwa akataka ishirini. Hivyo ndivyo mkate mrefu ulivyoingia Mwanza yetu, Neema, kwa mlango wa mchuzi wa samaki. Mkiulizwa tena, jibuni hivyo.

Alipoona wateja wanaongezeka alimwomba Bwana Twahir anitoe kaunta. Bwana Twahir akasema mwanamke hataweza joto. Silvesta akamjibu, "Nani anapika ugali nyumbani kwako?" Nikahamia nyuma.

Alinifundisha kwamba mkate huu ni unga, maji, chumvi na hamira. Hakuna sukari wala mafuta ya kuficha makosa. Donge alilikanda jioni kwa hamira kidogo sana, akaliacha lijiumukie lenyewe hadi alfajiri, kwa sababu alisema ladha haitoki kwenye hamira bali kwenye kungoja. Tulivingirisha vipande, tukavilaza kwenye kitambaa cha marekani kilichonyunyizwa unga, kimekunjwa mikunjo ili vipande visigusane. Kabla ya kuingiza tulichanja kila mkate kwa wembe, mara tano, mkono wa pembeni, haraka. Ukisitasita wembe unavuta na mkate unararuka. Kisha unatupa kikombe cha maji kwenye bati lililopata moto ndani ya tanuri, mvuke unapanda, unafunga mlango. Mvuke huo ndio unaolipa ganda rangi na mlio. Kovu hili kwenye mkono wangu wa kulia, ambalo mmeniuliza mara nyingi, ni la mvuke wa wiki ya kwanza. Nilifungua mlango kuchungulia. Msichungulie.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuja baada ya kutoa. Mkate huu ukikutana na ubaridi wa nje, ganda linapasuka pasuka kwa sauti ndogo, kama majani makavu yanapokanyagwa na kuku. Silvesta alikuwa anauinua mmoja, anauweka sikioni, macho amefumba. Halafu ananipa mimi.

"Unasema nini?" ananiuliza.

"Unasema umeiva."

"Sikiliza vizuri. Unasema chumvi imezidi kidogo." Na tukionja, imezidi.

Msimu wa kwanza wa masika ulinitoa machozi. Unga uliokaa stoo ulikuwa umenyonya unyevu wa ziwa, na mimi nikaweka maji yale yale ya kiangazi. Wiki nzima mikate ilitoka imelala kama kandambili. Nilitaka kurudi Kisesa. Silvesta alinikamata vidole, akavizamisha kwenye donge. "Kipimo kiko hapa," akasema. "Kikombe hakijui kama mvua imenyesha." Tangu siku hiyo sijapima maji kwa kikombe, na ndiyo maana mlipokuwa mkiniuliza vikombe vingapi nilikuwa nikiwakera kwa kusema "mpaka utosheke."

Mkate huu una tabia moja. Jioni ganda lake linalegea, kesho yake ni mgumu kweli. Slesi unainunua Jumatatu ukaila Ijumaa. Mkate mrefu unakulazimisha urudi kila siku, na mtu anayerudi kila siku unamjua. Tulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Butimba aliyekuja na baiskeli kila asubuhi. "Mwangaluka," tunamsalimia kwa Kisukuma, naye anaitikia na kuchukua miwili, wake na wa mkewe. Asubuhi moja alichukua miwili, akafika mlangoni, akarudi, akaurudisha mmoja kwenye kaunta. Silvesta alivua aproni, akatoka naye. Hatukuuza hadi saa nne. Bwana Twahir alipogomba, nilimwambia kuna msiba Butimba, na yeye akachukua koti akawafuata.

Silvesta alinisimulia kwamba kwao Bujumbura, watu wakitoka kazini jioni hupita bekari, wanaubeba mkate kwapani bila mfuko, na njiani wanaumega ncha wanakula. "Ncha ni ya aliyetumwa," alisema. Alikuwa akimpelekea Goreti mkate usio na ncha kila jioni, na kila jioni Goreti alimuuliza ni panya gani huyo anayefuatana naye. Akisimulia hivyo alicheka. Halafu alirudi kuchanja mikate.

Tulifanya kazi hivyo miaka saba. Nitaandika wazi, sasa nina umri wa kutoona haya: nilimpenda. Nilipenda namna alivyoniita Leokadia, jina lote, wakati nyumbani wananiita Leo kama vile mimi ni siku. Hakuwahi kunigusa zaidi ya vile vidole kwenye donge. Mama yangu alikuja mjini, akamtazama mara moja, akaniambia tukiwa wawili, "Huyu mtu ana mke machoni." Nikamwambia huyo mke amepotea. Mama akasema, "Kupotea si kufa."

Sasa nimefika.

Ilikuwa Jumatatu. Silvesta alikuwa ameenda kutafuta kuni, nami nilishika kaunta kwa sababu muuzaji alikuwa anaumwa. Akaingia dereva wa lori, Mrundi, akanunua mkate mmoja, akaumega ncha pale pale, akatafuna, akasimama.

"Dada, huu ameuoka nani?"

"Fundi wetu."

"Huyu ni mtu wa kwetu. Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina. Dereva akaweka mkate chini. Akaniambia kuna mwanamke Bujumbura, fundi cherehani karibu na soko, ambaye kila dereva anayekuja Tanzania humpa kikaratasi. Anamtafuta mume wake, mwokaji mikate, Silvesta, mwenye kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Akatoa pochi, akanitolea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alitaka kumsubiri, lakini turnboi wake alikuwa akipiga honi. "Umpe leo, dada," akasema. "Yule mama ametuchosha, lakini tunamheshimu."

Nikasema nitampa. Nikakifunga kwenye pindo la kitenge.

Silvesta alirudi na kuni saa sita. Alikuwa na furaha, amepata za mkaratusi, kavu. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama amekula.

Jumanne nilijiambia labda si Goreti yule, kama Mwanza ilivyokuwa. Jumatano nilikisoma kikaratasi chooni. Kulikuwa na jina la Silvesta, jina la baba yake, na maneno haya kwa Kiswahili: *Mimi ni mzima. Sijaolewa.* Alhamisi mvua ilinyesha. Ijumaa Silvesta aliimba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini, nami nilisimama nyuma ya magunia nikisikiliza. Jumamosi nilijiapia kumpa Jumapili.

Jumapili tulipeleka mikate Butimba kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza. Tulipomaliza tulishuka ziwani, tukakaa juu ya mawe. Tulikuwa tumebakiza mkate mmoja, tukanunua dagaa wa kukaanga, tukala. Ziwa lilikuwa shwari. Akasema bila kunitazama, "Leokadia, ni miaka tisa sasa. Kesho nitamwona padri. Namwandikishia Goreti misa ya marehemu."

Niliuweka chini mkate niliokuwa nikila.

"Mtu hawezi kumpikia mkate mtu asiyekuwepo maisha yote," akaendelea. "Baada ya misa, nadhani mtu anaweza kuanza tena. Kama yupo wa kuanza naye." Halafu akanitazama.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka saba. Mimi na kikaratasi tulikuwa tumekaa juu ya jiwe moja. Nikasema, "Twende, jua linazama," na jua lilikuwa bado juu.

Jumatatu asubuhi alikuja amevaa shati jeupe la kwenda parokiani. Tukaingiza mikate ya kwanza, arobaini. Alipofunga mlango wa tanuri nilifungua pindo la kitenge, nikampa.

Alisoma. Akaketi juu ya gunia la unga. Akasoma tena.

"Kimekuja lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu."

"Ile nyingine."

Alinitazama, na mimi sikuinamisha uso, nilijilazimisha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tulikaa hivyo hadi harufu ikatufikia. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho nimeona mkate wake ukiungua.

"Toa mikate," akasema.

Nikatoa arobaini, yote myeusi. Hakuna aliyeweka hata mmoja sikioni.

Jumanne nilimsindikiza stendi. Alikuwa na begi moja na wembe wake. Basi lilipowashwa akaniambia dirishani, "Masika punguza maji. Chumvi usiguse." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Kesho yake nilioka peke yangu. Ulitoka mkate mzuri kuliko wote niliowahi kuoka, rangi ya asali, matundu yake sawasawa. Nikauweka sikioni. Ukalia. Nikageuka kumpa mtu, na nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Baada ya mwezi yule dereva alileta karatasi yenye maneno mawili: *Nimemkuta. Asante.* Nililisoma lile neno la pili mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote.

Miaka iliyofuata wengine mnaijua kwa sababu mlikuwemo. Bwana Twahir alifariki, wanawe wakaleta tanuri la umeme, tanuri dogo likavunjwa, na matofali yake yakajengewa choo, kitu nilichokipinga na bado nakipinga. Niliwafundisha kadiri nilivyoweza. Sikuolewa. Walikuja wachumba wawili, lakini mwokaji hulala saa mbili, na hao waungwana saa mbili ndiyo kwanza wanaanza kunoga. Silvesta alinipigia simu kila Krismasi. Tuliulizana habari za unga. Mwishoni alimpa simu Goreti, naye kila mwaka alisema, "Dada Leokadia, asante kwa kunitunzia mtu wangu." Kila mwaka nilijibu, "Karibu sana." Ningejibu nini? Sikujua kama Silvesta alimwambia. Nilikuwa kila mwaka nikisikiliza sauti yake, kama kuna kitu, na sikusikia kitu.

Wiki ya tatu baada ya ninyi kuniaga, asubuhi, nilikuwa nikichambua mchele. Simu ikaita, namba yake.

"Dada," akasema Goreti. "Silvesta ametutoka. Ni sasa hivi, hata nusu saa haijapita. Ndugu zake bado sijawaambia. Nimeona nianze na wewe, usikae hata siku moja bila kujua."

Ungo uliniponyoka. Nililia, naye akaningoja, yeye mjane akaningoja mimi. Na nilipopata sauti nilimwambia. Sikuweza kungoja azike. Nilimwambia habari ya kikaratasi na dereva, nikazitaja zile siku nane moja moja, nikamwambia na maneno ya mwambani, na kwamba nilinyamaza.

 Nilisikia jogoo wa kwao akiwika, na mtu akivuta kiti.

"Siku nane," akasema.

"Nane, dada."

"Mimi nina miaka tisa ya huyu mtu nisiyoijua. Kila nikimuuliza alikuwa anasema, nilioka mikate. Basi. Nilioka mikate." Akapumua. "Hiyo Ijumaa, umesema aliimba?"

"Aliimba."

"Aliimba nini?"

"Sikuelewa, ni Kirundi. Ulikuwa wimbo wa taratibu. Alikuwa anavingirisha madonge."

Nikasikia anaketi. "Watu watakuja sasa hivi kulia," akasema. "Kabla hawajafika, nipe hizo siku zote. Anza na Jumatatu. Alikuwa amevaa nini?"

Nikavuta kigoda, nikamwambia: alikuwa amevaa fulana ya bluu, alitoka sokoni na mzigo wa kuni za mkaratusi, na alikuwa na furaha.